Sehemu ipi kubwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha sehemu

Nafundisha hisabati madarasa ya juu ya shule ya msingi hapa Mtwara, na jioni huketi barazani na watoto wa mtaani kwetu wanaotaka kurudia masomo. Kila mwaka tukifika kwenye somo la sehemu, yaani namba kama 1/2 na 3/4, maswali huwa yale yale, na mengi huletwa na wazazi walioshika daftari la mtoto mkononi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mifano mingi ni ya kwetu kusini, ili aliyeko Newala, Masasi, Lindi, Kilwa au Liwale asihangaike kukisia.

Mwenye mtihani kesho anaweza kuruka hadi kwenye swali la KDS (kigawe kidogo cha shirika). Lakini namwomba asome kwanza maswali mawili ya mwanzo, maana makosa mengi ninayoyasahihisha kwenye madaftari huzaliwa hapo.

Mwalimu, 8 ni kubwa kuliko 4. Inakuwaje 1/8 iwe ndogo kuliko 1/4?

Kwa sababu namba ya chini haihesabu vitu. Inataja jinsi kitu kizima kilivyokatwa.

Tazama majina tunayoyatumia darasani. Namba ya juu tunaiita kiasi, ya chini tunaiita asili. Kiasi kinajibu swali la "vingapi?" Asili inajibu swali la "vimetoka wapi?", yaani kizima kilikatwa vipande vingapi vilivyo sawa. Ukisoma 3/8, unasema: kuna kitu kilikatwa vipande nane sawasawa, nami ninavyo vitatu. Majina haya yamebeba somo zima ndani yake, na huwa nasikitika mtoto anapoyakariri bila kuulizwa yana maana gani.

Chukua mkate wa kumimina, sufuria moja. Wakija watu wanne, kila mmoja anapata robo. Wakija wanane, mkate haukuongezeka; kilichoongezeka ni mikato, na kila mkato mpya unapunguza ukubwa wa kipande. Mtoto mdogo analielewa hili vizuri akiwa mbele ya sinia. Taabu huanza anapoiona 8 kwenye karatasi, kwa sababu tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba 8 inaishinda 4.

Wanaobangua korosho wana mfano mzuri kuliko wangu wa mkate. Korosho nzima nyeupe zilizokwisha kubanguliwa hupangwa kwa madaraja yanayoitwa W180, W240, W320 na kadhalika. Namba hiyo hutaja idadi ya juu ya korosho zinazoingia katika ratili moja, yaani karibu gramu 454. Za W180 ni hadi 180 kwa ratili, za W320 ni hadi 320. Sasa jiulize: korosho ipi ni nene zaidi ukiishika? Ya W180, bila shaka, kwa sababu zinahitajika chache kujaza ratili ile ile. Moja ina uzito wa takriban 1/180 ya ratili, kama gramu mbili na nusu. Ile ya W320 ni takriban 1/320, kama gramu moja na nusu hivi. Ndiyo maana W180 huuzwa bei ya juu. Mama anayefanya kazi ya kubangua na kupanga madaraja anaijua 1/180 na 1/320 kwa vidole vyake, hata kama hajawahi kuandika sehemu kwenye karatasi. Nikipata mtoto ambaye mzazi wake yuko kwenye kazi hiyo, namtuma akaulize nyumbani, na kesho yake anarudi kulieleza darasa vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo kanuni ni "asili kubwa, sehemu ndogo"?

Hapana, na tafadhali msiwafundishe watoto hivyo bila kuongeza sharti. Kanuni hiyo ni kweli pale tu kiasi kinapokuwa sawa. 3/5 ni kubwa kuliko 3/7, kwa sababu vipande ni vitatu huku na vitatu kule, ila vya tano ni vikubwa kuliko vya saba.

Lakini mtoto aliyeshika nusu ya kanuni atakuambia 3/4 ni kubwa kuliko 7/8, eti 8 imezidi 4. Atakosa. Vipande vya nane ni vidogo kweli, lakini hapa viko saba. Ukigeuza 3/4 kuwa ya nane unapata 6/8, na 7/8 inazidi.

Upande wa pili ni rahisi: asili zikiwa sawa, hesabu vipande tu. 5/8 inaizidi 3/8 kama vile korosho tano zinavyozizidi korosho tatu za ukubwa mmoja. Kazi yote ya kulinganisha sehemu, kwa njia zote nitakazozitaja hapa chini, ni kutafuta kitu kimoja cha kusawazisha: ama ukubwa wa vipande, ama idadi yake, ama umbali kutoka mahali unapopajua. Kikishakuwa sawa kimoja, kingine kinajisema chenyewe.

Bibi anasema thumni, sudusi, theluthi. Hizo ni sehemu gani?

Ni sehemu hizi hizi, kwa majina ambayo Kiswahili cha pwani kimeyachukua kutoka Kiarabu: nusu (1/2), theluthi (1/3), robo (1/4), humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumni (1/8), tusui (1/9), ushuri (1/10). Nusu na robo tunazisema kila siku dukani na tunapotaja saa. Theluthi bado inasikika. Nyingine zimebaki kwa wazee na kwa wanaosoma mirathi.

Mirathi ya Kiislamu ndipo sehemu hizi zinapokuwa jambo zito. Mafungu yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mke aliyefiwa na mume asiyeacha mtoto hupata robo. Mume akiwa ameacha mtoto, mke hupata thumni. Mume aliyefiwa na mke asiyeacha mtoto hupata nusu. Akiwa ameacha mtoto, robo. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha familia ambapo mama mmoja aliposikia "thumni" alifurahi, akidhani amepewa fungu kubwa kuliko robo kwa sababu nane ni nyingi. Hakuna aliyemweleza mpaka siku ya kugawa. Jambo hilo liliniuma, na tangu hapo sipiti somo hili bila kuyataja majina ya zamani pamoja na tarakimu zake.

Mafungu hayo sita ni zoezi zuri la kulinganisha. Tafuta namba ndogo inayogawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8: ni 24. Basi thumni ni 3/24, sudusi ni 4/24, robo ni 6/24, theluthi ni 8/24, nusu ni 12/24, theluthi mbili ni 16/24. Yamejipanga yenyewe. Wanazuoni wa mirathi hufanya hivyo hivyo tangu karne nyingi. Namba wanayoanzia kugawa huiita kwa Kiarabu asili ya masala, na neno hilo "asili" ndilo hili letu la darasani.

Nifanye nini kwanza nikikutana na sehemu mbili?

Usianze kuzidisha. Zitazame. Watoto wengi wakiona swali la kulinganisha wanakimbilia hesabu ndefu kabla ya kujiuliza kama jibu liko wazi.

Mimi hupima kwanza kwa nusu. Zidisha kiasi kwa 2: kikiwa chini ya asili, sehemu ni pungufu ya nusu, kikizidi asili, sehemu imevuka nusu. Chukua 4/9 na 6/11. Mara mbili ya 4 ni 8, haijafika 9, kwa hiyo 4/9 haijafika nusu. Mara mbili ya 6 ni 12, imepita 11, kwa hiyo 6/11 imevuka nusu. Umemaliza: 6/11 ni kubwa. Hukuhitaji asili ya 99.

Zote mbili zikiwa upande mmoja wa nusu, nenda kwenye njia nyingine.

Mwanangu amesema 3/5 na 5/7 ni sawa kwa kuwa zote zimebakiza 2. Amekosea wapi?

Amekaribia sana jibu zuri, kwa hiyo usimkaripie. Amefanya jambo la maana, kutazama kilichopungua. Kosa lake ni kusahau kuuliza: mbili za vipande gani?

Kiswahili chenyewe kina mazoea ya kutazama kilichopungua. Tunasema saa tatu kasorobo. Hatuhesabu dakika 45 zilizopita tangu saa mbili. Tunaitazama saa tatu na kusema kinachokosekana ni robo. Njia hii ya kulinganisha naiita njia ya kasoro.

3/5 ni kizima kasoro 2/5. 5/7 ni kizima kasoro 2/7. Vilivyokosekana ni viwili huku na viwili kule, lakini vipande vya saba ni vidogo, basi 2/7 ni kasoro ndogo. Mwenye kasoro ndogo yuko karibu zaidi na kizima, kwa hiyo 5/7 ni kubwa. Vivyo hivyo 7/8 na 5/6: moja kasoro 1/8, nyingine kasoro 1/6. Kasoro ya 1/8 ni ndogo, hivyo 7/8 ndiyo kubwa.

Njia hii hupendeza sehemu zikiwa karibu na kizima. Kwa 2/9 na 3/11 haikusaidii kitu.

KDS inatumikaje, na kwa nini ni lazima iwe ndogo?

KDS ni kigawe kidogo cha shirika cha asili zote mbili. Tunaitafuta ili sehemu zote ziwe na vipande vya ukubwa mmoja, kisha tuhesabu vipande tu.

Tuseme chama kimoja cha msingi kimeuza mnadani 5/6 ya mzigo wake wa ufuta, na kingine, chenye mzigo wa uzito ule ule, kimeuza 7/9. Kipi kimeuza zaidi? Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18... na vya 9 ni 9, 18... Wanakutana kwenye 18. Sita inaingia mara tatu katika 18, basi 5/6 ni 15/18. Tisa inaingia mara mbili, basi 7/9 ni 14/18. Chama cha kwanza kimeuza zaidi, kwa kipande kimoja cha kumi na nane.

Si lazima iwe ndogo. Ukitumia 54 au 36 jibu halibadiliki. Inapendelewa ndogo kwa sababu namba ndogo hazikoseshi. Kitu ambacho ni lazima ni kuzidisha juu na chini kwa namba ile ile. Mtoto akibadilisha 5/6 kuwa 5/18, ajue ameshatengeneza sehemu nyingine kabisa.

Njia ya kuzidisha kwa mshazari ni sahihi? Mbona wengine wanaikataza?

Ni sahihi. Wanaoikataza, nami ni mmoja wao mpaka mtoto aelewe, wanaogopa ikaririwe bila macho.

Inafanyika hivi. Una 5/6 kushoto na 7/9 kulia. Zidisha kiasi cha kushoto kwa asili ya kulia: 5 × 9 = 45. Andika 45 kushoto. Zidisha kiasi cha kulia kwa asili ya kushoto: 7 × 6 = 42. Andika 42 kulia. 45 imezidi, kwa hiyo sehemu ya kushoto ni kubwa.

Sababu yake ni kwamba umegeuza zote mbili ziwe na asili ya 54, ila hukujishughulisha kuiandika. 5/6 ni 45/54, 7/9 ni 42/54. Hizo 45 na 42 ni viasi.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa njia hii kwa mishale tu. Mshale unaanza juu kushoto, unateremka chini kulia. Mimi nikaandika 45 pale mshale ulipoishia, upande wa kulia, na 42 nikaiweka kushoto. Zoezi lilikuwa na maswali kumi. Nilikosa yote kumi. Kila jibu lilikuwa kinyume. Daftari lilirudi na alama za kosa bila maelezo, na kwa muda mrefu niliamini sina kichwa cha hesabu. Sasa nawaambia wanafunzi wangu: jibu la kuzidisha linakaa kwenye kiasi kilichozidishwa, kwa sababu ndicho kiasi kipya cha sehemu hiyo. Aliyeijua 54 iliyojificha hawezi kupotea kama nilivyopotea.

Shikamoo mwalimu. Panga kuanzia ndogo hadi kubwa: 2/3, 3/5, 7/10, 5/8. Nimeshindwa KDS.

Marahaba mwanangu. KDS ya 3, 5, 10 na 8 ni 120. Ukigeuza unapata 80/120, 72/120, 84/120 na 75/120. Basi mpangilio ni 3/5, 5/8, 2/3, 7/10.

Lakini ngoja nikuonyeshe kitu. Zote zimevuka nusu. Kila moja imevuka kwa kiasi gani? 2/3 ni nusu na 1/6. 3/5 ni nusu na 1/10. 7/10 ni nusu na 1/5. 5/8 ni nusu na 1/8. Sasa huna haja ya kulinganisha zile ngumu. Linganisha ziada zake tu: 1/10, 1/8, 1/6, 1/5, kuanzia ndogo. Mpangilio umetoka ule ule, na uliyotumia ni somo la kwanza kabisa la vipande. Kwenye mtihani andika njia ya KDS ili msahihishaji aone kazi yako. Hii nyingine itumie kujihakikishia kabla hujakabidhi karatasi.

Inawezekana nusu ikazidi robo tatu?

Swali zuri, na aliyeniuliza alikuwa mkulima. Ndiyo, vizima vikiwa tofauti. Nusu ya gunia la korosho la kilo 80 ni kilo 40. Robo tatu ya kiroba cha kilo 50 ni kilo 37 na nusu. Aliyebeba nusu amebeba mzigo mzito zaidi.

Tunaposema 3/4 ni kubwa kuliko 1/2, tumekubaliana kimyakimya kwamba ni za kitu kimoja, au za vitu vinavyolingana. Darasani makubaliano hayo hayatajwi. Shambani na sokoni yatajwe. Mtu akikuambia ndugu yako kapewa theluthi ya shamba na wewe nusu, uliza kwanza shamba lipi na ekari ngapi.

Kosa hili linajificha pia kwenye michoro. Mtoto anachora mstatili mrefu kwa 2/5 na mfupi kwa 1/2, kisha anatazama na kuamini macho. Mistatili iwe na urefu mmoja na upana mmoja. La sivyo, mchoro utamdanganya.

Mwanangu amepata 17 kati ya 20, mtoto wa jirani 21 kati ya 25. Nani amefanya vizuri zaidi?

Wako, kwa kidogo sana. 17/20 ni 85/100, na 21/25 ni 84/100. Tofauti ni asilimia moja. Asilimia si kitu kigeni: ni asili ya 100 iliyokubaliwa na wote ili alama za mitihani tofauti zikae kwenye mizani moja. Na usimpigie mtoto wa jirani kelele za ushindi. Mitihani yenyewe huenda haikuwa ya ugumu mmoja.

Sehemu mchanganyiko na sehemu guni zinalinganishwaje?

Zigeuze ziwe za aina moja. 9/4 ni sehemu guni, kwa kuwa kiasi kimezidi asili; ukiigeuza kuwa mchanganyiko, yaani vizima pamoja na sehemu, ni 2 na 1/4. Ukiilinganisha na 2 na 1/3, vizima ni viwili huku na viwili kule, kwa hiyo linganisha 1/4 na 1/3. Ya pili ni kubwa. Vizima vikitofautiana, hata usiangalie sehemu: 3 na 1/10 inaizidi 2 na 9/10.

Kwa nini mtoto anasema 0.375 ni kubwa kuliko 0.4?

Anaisoma 375 na 4 kama namba nzima. Mwandikie 0.4 kama 0.400, kisha mwulize tena. Au mrudishe kwenye sehemu: 0.375 ni 375/1000, na 0.4 ni 400/1000. Ni ugonjwa ule ule wa 1/8 na 1/4, umevaa nguo nyingine. Ukimsikia akisoma "sifuri nukta mia tatu sabini na tano", mrekebishe hapo hapo: ni sifuri nukta tatu saba tano.

Kwenye duara tunatumia 22/7 au 3.14. Ipi kubwa?

22/7. Ondoa tatu kwa kila moja. 22/7 inabaki 1/7, na 3.14 inabaki 14/100, yaani 7/50. Andika 1/7 kama 7/49. Sasa una 7/49 na 7/50: viasi sawa, asili ya 49 inatoa vipande vikubwa kidogo. Basi 22/7 inazidi, lakini kwa unywele.

Thamani yenyewe ya pai (mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake), 3.14159 na kuendelea, iko kati ya hizo mbili. Archimedes wa Sirakusa, kwenye kisiwa cha Sicily, alithibitisha katika karne ya 3 kabla ya Kristo kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71 na ndogo kuliko 3 na 1/7. Alifika huko kwa kuchora maumbo yenye pande 96 ndani na nje ya duara. Na ukitaka kuona kwamba mipaka yake haijapishana vibaya, andika 1/7 kama 10/70 uiweke karibu na 10/71. Hili ni somo la mkate wa kumimina, miaka zaidi ya 2200 iliyopita.

Kuna sehemu yoyote kati ya 1/3 na 1/2?

Zipo zisizohesabika. Njia ya kupata moja haraka: jumlisha viasi, jumlisha asili. 1 na 1 ni 2, 3 na 2 ni 5. 2/5 iko katikati yao.

Sababu inaeleweka hivi. Jumatatu umepata swali 1 kati ya 3, Jumanne umepata 1 kati ya 2. Kwa siku mbili umepata 2 kati ya 5. Kiwango cha siku mbili kikichanganywa hakiwezi kuwa kibaya kuliko siku mbaya wala kizuri kuliko siku nzuri. Lakini nashika kidole hapa: hii siyo kujumlisha sehemu. 1/3 + 1/2 ni 5/6. Mtoto akikuletea 2/5 kama jibu la kujumlisha, amekosa, na unaweza kumwonyesha kwa kulinganisha tu: 2/5 ni ndogo hata kuliko hiyo nusu aliyoanza nayo.

Alama < na > nazichanganya.

Upande uliopanuka unatazama namba kubwa. 3/5 > 3/7. 4/9 < 6/11.

Sikusoma sana. Nitamsaidiaje mtoto nyumbani?

Huhitaji kalamu. Chukua karatasi ya daftari kuukuu, muikate vipande virefu vyembamba vyenye urefu sawa, kama vitano. Kimoja kiacheni kizima. Cha pili mkunje mara moja katikati mpate nusu. Cha tatu mkunje nusu kisha nusu tena, mpate robo. Cha nne mkunje mara tatu mfululizo, mpate vya nane. Cha tano ndicho kigumu: mkunje katika theluthi tatu sawa, kwa kuviringisha taratibu mpaka kingo zikutane. Vipange kimoja chini ya kingine. Mwulize mtoto aweke kidole kwenye 3/8, kisha kwenye 1/3, akuambie kipi kimefika mbali. Atakuta 3/8 imepita kidogo sana, na atataka kujua ni kidogo gani. Hapo ndipo KDS inapomjia kama msaada badala ya adhabu.

Jikoni napo pana kazi. Kibaba ni robo ya pishi, kwa hiyo vibaba vitatu ni robo tatu ya pishi. Mtoto anayetumwa dukani alete robo ya sukari na nusu ya mchele ameshalinganisha sehemu kabla hajarudi. Mwulize tu akifika: kipi kizito, na kinazidi kwa nini?

Nipe mazoezi machache na majibu.

Linganisha 4/7 na 5/11. Pima kwa nusu: 4/7 imevuka, 5/11 haijafika. 4/7 ni kubwa.

6/13 na 6/17: viasi sawa, kwa hiyo 6/13.

Ali amepalilia 3/4 ya ekari, Zainabu 5/8 ya ekari. 3/4 ni 6/8, basi Ali amepalilia zaidi.

8/9 na 10/11: kasoro 1/9 na kasoro 1/11. 10/11 ni kubwa.

5/12 na 7/18: zote hazijafika nusu, na kasoro haisaidii. KDS ni 36, zinakuwa 15/36 na 14/36. 5/12 ni kubwa.

2024/2025 na 2025/2026: usishike kalamu. Moja ni kasoro 1/2025, nyingine ni kasoro 1/2026. Ya pili ni kubwa.